Uzi: "Hao si Wakenya, wameletwa kupiga kura"

Uzi wa leo ni mrefu kidogo, chukua chai. Kila msimu wa kujiandikisha kupiga kura ukikaribia, kuna sentensi moja lazima itokee huku mitandaoni, na mara nyingi huja na video: "Hao si Wakenya, wameletwa." Kama kawaida yetu hapa, sitaji mwanasiasa wala chama. Ukitaja kwenye komenti nafuta, usinikasirikie.

Naanza na mimi mwenyewe, maana kosa hili nimelifanya, tena nikiwa nasomea siasa.

Ilikuwa usiku, niko hosteli, simu usoni. Ikaja video fupi: foleni nje ya ofisi, akina mama wa buibui na leso, wazee wa kofia, na mtu nyuma ya kamera anasema, "Sikilizeni wanavyoongea, hawa ni Watanzania, wamevushwa waje kupiga kura." Nikasikiliza. Kweli, lafudhi ilikuwa ya ng'ambo. Mimi ni mtoto wa Majoreni, bahari iko pale, najua majahazi. Basi nikaandika: "Sisi wa mpakani tunajua. Hawa huvushwa usiku." Ona hapo, nimeshajipa cheo cha shahidi. Sijawahi kuona mtu akivushwa usiku hata siku moja. Komenti ikapendwa na watu wengi, wakaanza kuninukuu: "Hata mwenyeji amethibitisha."

Asubuhi nikaitazama tena, safari hii bila hasira. Katikati ya foleni nikamwona Bi mmoja amejifunga leso, amekunja mkono kiunoni. Namjua. Anauza samaki wa kukaanga na mihogo kwetu. Nimekula kwake tangu sijajua kusoma, na deni langu pale halijawahi kuisha. Ni Mpemba. Na foleni ile haikuwa ya kura. Ilikuwa ya vitambulisho, mwaka 2023, video ya zamani imetolewa kabatini ikavalishwa maneno mapya.

Sasa tuingie kwenye mada yenyewe. Nani ni Mkenya?

Katiba ya 2010, Kifungu cha 14, inasema wewe ni raia wa kuzaliwa kama siku unazaliwa, baba au mama yako alikuwa raia wa Kenya. Ulizaliwa Kenya au nje, haijalishi. Na inawahusu hata waliozaliwa kabla ya katiba hiyo kuanza kufanya kazi. Hebu fikiria maana yake kwa watu wa huku. Msichana wa Majoreni ameolewa Tanga, kazaa huko, mtoto kakua anaongea kama watu wa Tanga. Leo amerudi kwa bibi yake na anaomba kitambulisho. Kwa sikio lako ni Mtanzania. Kwa katiba ni Mkenya wa kuzaliwa, kwa sababu ya mamake. Katiba ya zamani ndiyo iliyokuwa na ubaguzi: mtoto akizaliwa nje ya nchi, uraia ulipitia kwa baba tu.

Kwa hiyo lafudhi haithibitishi kitu. Na huku kwetu ndiyo kipimo kibovu kuliko vyote. Wadigo wako Kwale na wako Tanga. Wasegeju vivyo hivyo. Sisi Wavumba tuko Vanga, Jimbo, Wasini, Majoreni, na Kivumba cha bibi yangu ukikipeleka Nairobi utaambiwa ni "Kitanzania". Nimeshaambiwa mimi, darasani, na mtu aliyekuwa anafanya mzaha. Nilicheka. Baadaye nikaona haikuchekesha sana.

Mpaka wenyewe ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, mstari ukaanzia mlango wa mto Umba ukaelekea Ziwa Jipe. Hakuna aliyeulizwa ana shamba upande gani na mke upande gani. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui: pwani hii yetu, ule ukanda wa maili kumi, ilikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiikodi tangu 1895. Sultani aliiachia Kenya kwa mkataba wa Oktoba 1963, miezi miwili tu kabla ya uhuru. Maana yake mvuvi aliyetoka Pemba mwaka 1950 akaja kutega mitego huku kwetu, alitoka kwa Sultani akaja kwa Sultani. Bendera ni ile ile nyekundu. Hakuhama nchi. Nchi ndiyo iliyohama chini yake.

Uhuru ukaja na masharti. Tarehe 12 Desemba 1963, uraia wa moja kwa moja ulikuwa wa aliyezaliwa Kenya na ambaye baba au mama yake naye alizaliwa Kenya. Wengine waliokuwa wakiishi hapa walipewa miaka miwili kuomba kusajiliwa. Sasa niambie, mvuvi wa dema na mtumbwi, hajui kusoma Kiingereza, ofisi iko mbali, angejuaje? Muda ukapita. Yeye hana karatasi, mwanawe hana, mjukuu hana. Watu wamezaliwa hapa vizazi vitatu na kila ofisi wanaulizwa, "Babako ana kipande?"

Kukosa kitambulisho kunafanya nini? Huwezi kusajili laini ya simu, kwa hiyo M-Pesa yako iko kwa jina la mtu mwingine, na siku mkigombana pesa ni zake. Huwezi kufungua akaunti ya benki. Mtoto anasumbuka kupata cheti cha kuzaliwa, bila cheti mtihani ni shida. Lesena ya uvuvi shida. Ukisimamishwa barabarani na polisi huna la kuonyesha. Nakumbuka mtaani kwetu kuna vijana walikuwa hawapandi matatu ya kwenda Ukunda, kisa ni kizuizi cha barabarani. Nilidhani ni waoga tu. Nilikuwa mdogo, lakini pia sikuuliza.

Wa kwanza kulivunja hili huku Kwale walikuwa Wamakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji, wengi wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wengine wakikimbia vita vya ukombozi. Oktoba 2016, mamia yao walifunga safari kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho, sehemu ya njia kwa miguu. Rais wa wakati huo akatoa amri wasajiliwe, na mwanzoni mwa 2017 wakaanza kupewa vitambulisho, wakaitwa kabila la 43. Sheria ilikuwapo tangu 2011: Sheria ya Uraia na Uhamiaji ilifungua mlango kwa watu wasio na uraia wowote waliokuwa wakiishi Kenya tangu 12 Desemba 1963, na kwa vizazi vyao. Mlango huo ulikuwa na tarehe ya kufungwa, na miaka ya mwanzo ilipita karibu bure.

Wapemba walisubiri zaidi. Kutambuliwa kwao rasmi kulichapishwa kwenye Gazeti la Serikali mapema mwaka 2023, na mwaka huo huo ndipo foleni ile ikapangwa. Video yangu ya usiku. Watu wale walikuwa wakipokea walichokuwa wakikidai miaka yote, na mimi nikawaita watu wa kuvushwa.

Najua kuna atakayesema: "Lakini kuna waliokuja juzi." Kweli, wapo. Januari 2001, baada ya ghasia za kisiasa Zanzibar, zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari wakafikia Shimoni. Hao walikuja kama wakimbizi, wengi wakarudishwa kwao baadaye. Ukiwachanganya mkimbizi wa 2001, mjukuu wa mvuvi wa 1950 na mwana wa mama Mkenya aliyeolewa Tanga, ukawaita wote "Watanzania", hujaeleza kitu. Hao ni watu watatu, na sheria inawaona kwa njia tatu tofauti.

Hoja hii ilirudi kwa nguvu Februari 2025, serikali ilipotangaza kuondoa ule msasa wa ziada waliokuwa wakipigwa waombaji wa vitambulisho kwenye kaunti za mpakani. Kama hujui msasa: mwenzako wa miaka 18 kutoka bara alikuwa anapeleka karatasi zake anarudi nyumbani. Wewe wa mpakani ulikuwa unakaa mbele ya kamati, wazee na maafisa, ukiulizwa ukoo hadi babu wa babu. Jina likiwa la Kiislamu, maswali yalikuwa yanaongezeka. Mtandaoni watu wakagawanyika mara moja. Upande mmoja: "Haki imepatikana." Upande wa pili: "Wanatafuta kura za wageni." Nilisoma mamia ya komenti, na waliouliza kitambulisho kitatolewaje baada ya hapo niliweza kuwahesabu kwa vidole.

Na hofu ile ya upande wa pili nisiitupe tu. Mtu akiuliza kama daftari la wapiga kura ni safi, anauliza swali halali. Ukaguzi wa daftari kabla ya uchaguzi wa 2022 ulikuta kasoro nyingi, na zilizozungumzwa sana ni marehemu waliobaki kwenye orodha na majina yaliyojirudia. Ndiyo maana sheria ya uchaguzi inataka daftari likaguliwe, na inataka tume ilifungue kwa siku 30 watu wathibitishe taarifa zao kabla ya uchaguzi mkuu. Ukiwa na shaka, hapo ndipo pa kwenda. Hapo shaka yako inaweza kujibiwa. Kwenye komenti inanenepa tu.

Kwa nini naona hili ni kubwa kuliko kelele za mtandaoni? Kwa sababu ya Likoni. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na ghasia zikasambaa hadi huku kusini, Ukunda na Diani. Zaidi ya watu 100 waliuawa, makumi ya maelfu wakakimbia makwao. Waliolengwa walikuwa watu wa bara, na neno lililotumika ni lile lile: wageni, wanapiga kura kwetu, warudi kwao. Mimi sikuwa nimezaliwa. Lakini nimekua nikisikia watu wazima wakishusha sauti wakifika hapo, na jirani zetu waliotoka bara wana nyumba ambazo mpaka leo hawazizungumzii. Kwa hiyo tumewahi kulisema neno hilo sisi wenyewe wa pwani, kwa wengine. Leo linasemwa kwa Wapemba, na kesho mtu wa Nairobi atamwambia bibi yangu.

Watu huniuliza, sasa nifanye nini nikiona video kama hiyo, ninyamaze? Hapana. Mimi siku hizi nafanya vitu vidogo sana. Naiweka simu chini kwanza, wallahi, hata dakika kumi. Nikirudi nauliza: foleni hii ni ya nini? Ni ya lini? Ofisi gani hiyo ukutani? Aliyeirekodi ameona karatasi ya mtu hata mmoja, au amesikia sauti tu? Mara nyingi swali la kwanza peke yake linatosha, hakuna anayejua foleni ni ya nini. Nikiandika, naandika ninachokijua na jinsi nilivyokijua. "Naishi hapo" si ushahidi, na mimi ndiye niliyeutumia vibaya.

Likizo nilirudi nyumbani nikaenda kwa yule Bi. Nikamwonyesha video. Alicheka kwanza. "Kumbe nimetoka kwenye simu, na leso hii iliyochanika?" Akaniambia nimsomee maneno ya chini. Nikasoma machache, nikaruka mengine. Akasema nisome yote. Nikafika kwenye langu.

"Huyo wa mpakani ni nani?"

Nikamwambia ni mimi.

Alinyamaza, akageuza samaki kwenye karai. Halafu akasema, "Sasa yafute."

"Nishafuta, Bi."

"Na wale waliokwisha kuyasoma?"

Sikuwa na jibu, ndiyo maana mnasoma uzi huu. Uusambaze ukiweza, hasa kwa makundi ya WhatsApp ya familia, maana video ile bado inazunguka huko. Wiki ijayo tutaangalia fomu 34A: ni nini, inajazwa na nani, na kwa nini watu hupigana juu yake. Maswali ya leo yawekeni hapo chini. Nitajibu kesho asubuhi.