"Bado" Yetu na "Still" ya Waingereza

Ukipita asubuhi pwani ya Bagamoyo, pale penye soko la samaki, utasikia neno moja likirushwa huku na huku kama mpira. "Jahazi limefika?" "Bado." "Umeuza?" "Bado." "Mwenzako amekuja?" "Bado." Neno ni fupi, nalo latosha. Kila mtu amemwelewa mwenzake, huenda zake.

Neno hilohilo liliniletea aibu mimi karani wa parokia, mtu niliyepita chuo cha ualimu na kuhesabiwa hapa kijijini kuwa najua Kiingereza. Nawasimulia kisa hiki kwa sababu wengi wenu mna watoto shuleni, na wengine huombwa na majirani kuwaandikia barua na ujumbe.

Kuna mama mmoja jirani yetu ambaye binti yake anaugua kifafa. Dawa za ugonjwa huo humezwa kila siku, na mgonjwa akiziacha ghafla, kifafa chaweza kurudi kwa nguvu. Dada mmoja Mwingereza, aliyekaa huku kwa muda kisha akarudi kwao, alikuwa akituma fedha za dawa kila zilipohitajika. Mama hajui Kiingereza, basi ujumbe wote wa simu ulipitia kwangu.

Siku moja dada yule aliuliza: "Does she have her medicine?" Yaani, je, dawa zake anazo? Nikamwuliza mama. Akajibu, "Bado, karani. Zile za kwanza zimekwisha jana." Nami nilikuwa na daftari la ubatizo mbele yangu na watu wanangoja mlangoni. Nikaandika upesi neno moja tu: "Still."

Dada akasoma, akaridhika, wala hakutuma kitu. Siku ya tano binti alianguka akitoka kuteka maji, akapasuka juu ya jicho. Jioni mama akaja kwangu. Hakufoka. Aliuliza tu, "Karani, ulimwandikia neno gani yule dada?"

Nilimwandikia dada tena usiku uleule, safari hii kwa maneno kamili. Akajibu kwa mshangao kwamba yeye alielewa kuwa dawa zingalipo. Fedha zikaja kesho yake, na mtoto akarudi kwenye dawa zake. Kovu limebaki.

Basi, kosa lilikuwa wapi? Shuleni tulifundishwa kwamba "still" maana yake ni "bado". Si uongo, lakini ni nusu ya ukweli. "Bado" yetu ikisimama peke yake huegemea upande wa hapana: jambo halijawa, ila latazamiwa. "Still" ya Waingereza huegemea upande wa ndiyo: jambo lilikuwako, na lingaliko. Mimi nilisema, "Hajapata." Yeye alisikia, "Angali nazo." Tuliagana kila mmoja akishika njia yake.

Hapa Bagamoyo twaweza kujiuliza kama wageni wote hutatizwa na neno hili. Misheni yetu ilianzishwa mwaka 1868 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wengi wao wasemaji wa Kifaransa. Mmoja wa waliofika baadaye, Padre Charles Sacleux, alijifunza Kiswahili cha pwani kwa bidii hata akatunga kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa, iliyoanza kutolewa Paris mwaka 1939. Sasa, Mfaransa analo neno "encore". Akisema mtu "encore" yuko kazini, ni kwamba angaliko kazini. Akisema "pas encore", ni kwamba jambo halijawa. Wakaja Wadachi, na mji huu ukawa makao ya serikali yao mpaka mwaka 1891. Nao wana "noch" kwa jambo linaloendelea, na "noch nicht" kwa jambo ambalo halijawa. Waona? Wote wawili hutumia neno moja kwa pande zote mbili kama sisi, ila upande wa hapana huongeza neno la kukana.

Waingereza waliotawala baada ya Vita Kuu ya Kwanza ndio wenye desturi nyingine. Wao wamegawa kazi ya "bado" kwa maneno mawili: "still" kwa jambo linaloendelea, na "yet" kwa jambo linalongojwa.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, jiulize swali moja: jambo hili laendelea, au lasubiriwa?

Kama laendelea, tumia "still". Bado anaumwa: "She is still sick." Bado anavua samaki Saadani: "He still fishes at Saadani." Angalia mahali pa neno. Hukaa baada ya "is" na "are", lakini hutangulia vitenzi vingine kama "fishes".

Kama lasubiriwa, tumia "yet" pamoja na neno la kukana. Jahazi bado halijafika: "The dhow has not arrived yet." Ukiulizwa kama limefika, nawe wataka kujibu "bado" tu, jibu ni "Not yet." Usijibu "Still" hata siku moja.

Lakini kuna mahali "still" nayo hukutana na kukana. "He still has not paid" pia ni "bado hajalipa". Tofauti ni moyo wa msemaji. Anayesema "He has not paid yet" aeleza habari tu. Anayesema "He still has not paid" amechoka kungoja, kama mtu asemaye, "Mpaka leo hajalipa!" Basi ukimwandikia mkubwa wako kazini, au mtu anayekusaidia, pima kwanza. Waweza kumlaumu bila kukusudia.

Tena "still" ina kazi nyingine ambazo "bado" haina. Yaweza kuwa "hata hivyo": "It rained; still, we went to Mass." Mvua ilinyesha, hata hivyo tulikwenda Misa. Yaweza kuongeza uzito: "Today is hot, but tomorrow will be hotter still." Leo ni joto, lakini kesho litazidi hata leo. Na yaweza kuwa "tuli", bila kutikisika: "The sea is still", bahari ni shwari. Mwalimu akiwaambia watoto "Sit still", awataka watulie, si waendelee kukaa. Hapo jihadhari zaidi. Ukitaka kusema mtoto bado hajapona, ukaandika "The child is still" na kuishia hapo, umesema kwamba mtoto ametulia tuli, hajongei. Mzazi aliye mbali akisoma hayo atapatwa na nini?

Na "bado" yetu nayo ina kazi ambazo "still" na "yet" haziziwezi. "Bado kidogo aanguke" si moja wala nyingine, Mwingereza husema "He almost fell."

Jipimeni nyumbani jioni, wazazi na watoto pamoja. Geuzeni kwa Kiingereza: (1) Baba bado yuko shambani. (2) Umekula? Bado. (3) Bado hatujavuna mpunga. Majibu ni haya: (1) "Father is still on the farm." (2) "Have you eaten?" "Not yet." (3) "We have not harvested the rice yet." Mtoto akikosea la pili, msimcheke. Karani wake wa parokia alikosea hilohilo.

Tangu siku ile nimejiwekea sheria mbili. Kwanza, jambo la dawa, fedha au safari silijibu kwa neno moja, naandika sentensi nzima: "She does not have the medicine yet. The old tablets are finished." Pili, kabla ya kutuma namsomea mwenye shida kwa Kiswahili yale niliyoandika, naye aseme kama ndiyo maneno yake. Mama yule hucheka kidogo ninapomsomea, kisha huniambia, "Haya karani, sasa peleka."