Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kijiti cha Utiririshaji na Runinga ya Hospitali

Utangulizi

Mwaka uliopita nyanya yangu alivunjika nyonga, akalazwa kwa siku kumi na mbili katika chumba cha mgonjwa mmoja cha hospitali fulani jijini Nairobi. Ukutani, mkabala na kitanda chake, palikuwa na runinga kubwa ya kupendeza. Idhaa zake zilikuwa chache, na kila aliyoifungua ilimsemesha kwa Kiingereza, lugha ambayo nyanya hakubahatika kuisoma. Siku ya tatu aliniambia, "Mjukuu wangu, mzime huyu mgeni. Ananichosha kwa maneno nisiyoyajua."

Jioni hiyo nilitoka nikiwa na azma ya kumletea Vioja Mahakamani, kipindi alichokicheka tangu mimi sijazaliwa, na ambacho sehemu zake nyingi zinapatikana katika YouTube. Nyumbani nilikuwa na kijiti cha utiririshaji, nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Siku ya kwanza nilishindwa na tundu, siku ya pili nikashindwa na umeme, na siku ya tatu mtandao ukanikataa. Siku ya nne ndipo nyanya alipokiona kipindi chake.

Makala haya yananuia kueleza niliyojifunza katika siku hizo nne, ili msomaji atakayeuguza jamaa yake asizipoteze kama nilivyozipoteza mimi. Hoja yangu ni moja. Kinachowashinda wengi si ugumu wa kifaa, bali ni kusahau kwamba runinga ya hospitali ina mwenyewe, na mwenyewe ana desturi zake. Anayebisha hodi kwa adabu na maarifa hufunguliwa.

Kutiririsha na Kupakua

Kwa kuwa tunaandikiana sisi wapenzi wa Kiswahili, yafaa tuanze na istilahi. Kitenzi "tiririsha" kimetokana na "tiririka", yaani kwenda mfululizo kama maji ya chemchemi. Uteuzi huu ni mzuri, kwani unaeleza kazi yenyewe. Video inayotiririshwa hufika kidogo kidogo kupitia intaneti, ikatazamwa papo hapo inapofika, kisha ikaachwa ipite. Kinyume chake ni kupakua. Mpishi apakuapo hukitoa chakula chunguni na kukiweka sahanini; vivyo hivyo, anayepakua faili huileta yote na kuihifadhi katika kifaa chake kabla ya kuitumia. Tofauti hii si ya maneno matupu. Chemchemi ikikatika, mnywaji hukaa na kiu; mtandao ukikatika, anayetiririsha hubaki na skrini tupu, ilhali aliyepakua huendelea kutazama.

Kijiti cha utiririshaji ni kompyuta ndogo yenye umbo la kidole gumba au zaidi kidogo. Ndani yake mna kichakataji, kumbukumbu na antena ya Wi-Fi. Huchomekwa nyuma au ubavuni mwa runinga, na tangu hapo kazi yote ya kutafuta na kuonyesha vipindi hufanywa na kijiti; runinga hugeuka kioo tu. Vifaa hivi vina historia fupi. YouTube ilianzishwa mwaka 2005, na Netflix ikaanza kutiririsha filamu mwaka 2007. Kifaa cha kwanza cha Roku kilitoka mwaka 2008. Google ilileta Chromecast mwaka 2013 na kuacha kuitengeneza mwaka 2024, nayo Amazon ikatoa Fire TV Stick mwaka 2014. Vyote hivyo viliundwa Marekani kwa ajili ya sebule ya nyumbani, ambako mwenye runinga ndiye mwenye umeme na ndiye mwenye mtandao. Chumba cha hospitali si sebule, na hapo ndipo matatizo yanapozuka.

Lango la Kwanza: Tundu

Kijiti huingia katika tundu la HDMI. Toleo la kwanza la kiunganishi hiki lilitangazwa mwaka 2002, kwa hiyo runinga bapa nyingi zinayo. Runinga kuukuu zenye matundu matatu ya duara, jekundu, jeupe na manjano, hazikipokei kijiti bila kigeuzi.

Hata hivyo, kuwapo kwa tundu si kuruhusiwa kulitumia. Runinga nyingi zinazowekwa katika hoteli na hospitali huwa na mpangilio maalumu unaomwezesha fundi kufunga baadhi ya mambo: sauti isipande kupita kiwango fulani, idhaa zisibadilishwe mpangilio, na menyu ya kuchagua chanzo cha picha isifunguke. Rimoti ya chumbani nayo huenda ikakosa kabisa kitufe cha kuchagua chanzo. Katika hospitali nyingi za Marekani mgonjwa hapewi hata rimoti ya kawaida; hupewa kifaa chenye waya, chenye spika ndogo, vitufe vichache vya runinga na kitufe cha kumwita muuguzi.

Ni rahisi kuudhika na kufuli hizi, lakini zina sababu. Mgonjwa aliyekuwamo jana akiacha runinga kwenye chanzo kisicho na picha, wa leo atadhani imeharibika, na muuguzi ataacha kazi ya kuuguza aje kuwa fundi. Ndiyo maana sishauri mtu atafute mbinu za siri za kuzifungua. Njia iliyonifaa ilikuwa fupi: nilimweleza muuguzi wa zamu ninachotaka na kwa nini, naye akampigia fundi wa hospitali. Fundi alifika kesho yake akiwa na rimoti yake, akakifungua chanzo cha HDMI kwa muda, na akaandika kwenye daftari lake tarehe ya kukifunga tena.

Ncha nyingine ni nafasi. Runinga iliyobanwa ukutani huenda isiache upenyo wa kuingiza kijiti. Waya mfupi wa kurefushia HDMI, ambao mara nyingi huuzwa pamoja na kijiti, hutatua jambo hilo. Usiivute runinga wala kuilegeza kwenye chuma chake.

Lango la Pili: Umeme

Kijiti hutumia umeme wa volti 5 kupitia waya wa USB. Wengi wetu huuchomeka waya huo katika tundu la USB la runinga yenyewe. Tundu la namna hiyo, likiwa la aina ya USB 2.0, kwa kawaida hutoa nusu ampea tu, ilhali vijiti vingi huhitaji hadi ampea 1. Dalili yake niliiona: kijiti kiliwaka, kikaonyesha nembo yake, kikazimika, kikawaka tena, kikawa kama mtu mwenye kwikwi. Hakikuwa kibovu. Kilikuwa na njaa.

Dawa yake ni kutumia chaja iliyokuja na kijiti na kuichomeka kwenye soketi ya ukutani. Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu kuliko kwingine kote. Soketi zilizo karibu na kitanda ni za mashine za tiba. Katika hospitali nyingi za Marekani, soketi nyekundu ndizo zilizounganishwa na umeme wa dharura, na ziko hospitali za nchi nyingine zinazofuata desturi kama hiyo au yenye rangi tofauti. Usichomoe kitu chochote usichokijua hata kama kinaonekana hakifanyi kazi, na usitumie soketi yoyote kabla ya kuuliza. Hali kadhalika, hospitali nyingi hazipendi waya za kurefushia umeme zinazoletwa kutoka nyumbani, kwani huweza kupata moto au kumkwaza muuguzi anayekimbilia mgonjwa usiku.

Lango la Tatu: Mtandao

Lango hili ndilo gumu zaidi. Mtandao wa wageni hospitalini mara nyingi haumruhusu mtu kwa nywila pekee. Simu ikiisha kuunganishwa, hufunguka ukurasa unaomtaka mgeni akubali masharti, au aandike jina na namba yake. Simu ina kivinjari cha kuufungua ukurasa huo. Kijiti huenda kisiwe nacho. Fire TV na Roku zina njia ya kushughulikia kurasa za namna hii, lakini Chromecast za awali zilikwama hapo. Inapotokea hivyo, wahudumu wa teknolojia wa hospitali wanaweza kukisajili kijiti kwa anwani yake ya MAC, ambayo huonekana katika mipangilio ya kifaa.

Kizuizi cha pili hakionekani kwa macho. Mitandao mingi ya wageni hutenganisha vifaa ili cha mgeni mmoja kisiweze kukichungulia cha mwingine. Ulinzi huu ni mzuri, ila una athari moja: simu na kijiti, ingawa viko katika mtandao mmoja, havionani. Anayetegemea kurusha picha kutoka simuni atahangaika bure. Kwa sababu hiyo, kijiti chenye rimoti yake hufaa zaidi hospitalini kuliko kile kinachoongozwa na simu pekee.

Njia ya mkato ni kuigeuza simu iwe chanzo cha intaneti ya kijiti. Ndiyo iliyonitoa mimi. Lakini kabla ya kuishika njia hii, yafaa kupiga hesabu. Kwa maelezo ya Netflix yenyewe, picha ya kiwango cha wastani hutumia takribani GB 0.7 kwa saa, na ya ubora wa juu hufika GB 3 kwa saa. Mgonjwa atazamaye saa tatu kila siku kwa siku kumi atatumia GB 21 katika kiwango cha kwanza, na GB 90 katika cha pili. Punguza ubora wa picha katika mipangilio kabla ya jambo lolote. Nyanya yangu hakuiona tofauti. Usilete ruta yako bila idhini, kwani baadhi ya vifaa vya hospitali hutumia mawimbi yale yale ya gigahezi 2.4, na wenye hospitali wana haki ya kujua nani anatangaza nini ndani ya kuta zao.

Aidha, yote yawezekanayo kufanywa nyumbani yafanywe nyumbani. Kisasishe kijiti, ingia katika akaunti zako, na ukizoeze mtandao wa simu utakayoiacha kwa mgonjwa, ili kikifika hospitalini kiutambue chenyewe.

Adabu za Ugeni

Malango matatu yakiisha kufunguka, hubaki adabu. Kwanza ni sauti. Katika chumba cha watu wawili au zaidi, visikizi ni lazima, lakini visimzuie mgonjwa kumsikia muuguzi au mlio wa mashine. Pili ni usafi. Rimoti hupita mikononi mwa watu wengi. Ifutwe kwa dawa ya kuulia viini inayoruhusiwa wadini, na ifutwe tena kabla ya kurudishwa nyumbani. Tatu ni siri. Mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani, watu hukumbuka nguo na thermosi na kukisahau kijiti nyuma ya runinga, kikiwa na akaunti zao zote. Kikipotea, ingia katika akaunti hizo kwa simu na ukiondoe kifaa hicho katika orodha. Nne, na kubwa kuliko zote, ni usingizi. Daktari akisema mgonjwa apumzike, runinga izimwe.

Ni kweli pia kwamba haya yote yanawahusu wachache. Katika wadi nyingi za hospitali zetu za umma hakuna runinga mbele ya kila kitanda, na pengine hakuna hata nafasi ya kiti cha mgeni. Huko, simu yenye vipindi vilivyopakuliwa na kisikizi kimoja sikioni vinatosha, wala havihitaji fundi, soketi wala ukurasa wa masharti.

Tamati

Siku ya nne, kesi ya kwanza ilipoanza kusikilizwa, nyanya alicheka huku ameushika ubavu. Muuguzi aliyekuja kumpima shinikizo la damu alisimama akatazama kidogo. Nyanya akaanza kumweleza mshtakiwa ni nani, kwa nini anadanganya, na jinsi kesi itakavyokwisha. Kisha, bila kuulizwa, akamweleza kwamba mguu unamuuma zaidi alfajiri kuliko mchana, jambo ambalo hakuwa amemwambia yeyote kati yetu. Muuguzi aliliandika. Siwezi kudai kwamba kijiti kilimtibu. Nilichokiona ni kwamba mtu aliyekaa siku tatu akisemeshwa kwa lugha asiyoijua alikuwa amenyamaza, na aliposikia lugha yake alianza kusema.

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini si kila mgeni huja na uponyaji. Juu ya kabati la chumba kile palikuwa na kikaratasi cha maelezo: namna ya kutumia runinga, kitufe cha kumwita muuguzi, na haki za mgonjwa. Chote kilikuwa kwa Kiingereza. Nyanya alikitumia kufunikia kikombe chake cha uji. Chama chetu kina wanafunzi wanaosomea tafsiri na wahadhiri wanaoifundisha. Kukiandika kikaratasi cha namna hiyo kwa Kiswahili fasaha kisichomtisha mgonjwa ni kazi ya alasiri moja. Tubishe hodi katika hospitali zilizo jirani nasi, tuombe kuifanya.