Maneno na Maana Zake: "Ignore"

Katika makala iliyotangulia tulizungumza juu ya kusahau. Leo na tumtazame jamaa yake wa karibu, ambaye si kusahau wala si kutojua, ingawa asili yake ni kutojua hasa, nalo ni neno "ignore".

Limetoka katika Kilatini, "ignorare", yaani kutojua, na Wafaransa wameihifadhi maana hiyo hata leo, hivi kwamba Mswahili wa Bujumbura au Bukavu aliyesomeshwa kwa Kifaransa, akisema "j'ignore", hakumdharau mtu, bali amekiri tu kuwa jambo lile hana ilimu nalo. Waingereza nao walianzia papo hapo, walakini neno halikupata soko: mwaka 1755 Samuel Johnson alilitia katika kamusi yake mashuhuri kwa maana ya kutojua, akaongeza kwamba mwanachuoni Robert Boyle alijaribu kuliingiza katika lugha, watu wasilipokee.

Mahakamani lakini lilikuwapo ndugu yake. Huko Uingereza zamani palikuwa na baraza la watu waliopima mashtaka kabla mshtakiwa hajasimamishwa mbele ya jaji, nao walipoona ushahidi hautoshi waliandika nyuma ya hati neno moja la Kilatini, "ignoramus", maana yake hatujui, na shauri likafia hapo. Watu wale wamekaa, wamewasikiliza mashahidi, habari zote zimewafikia, kisha wanaandika kwamba hawajui! Kutojua huku ni kwa kusudi, na ndiko kulikomo katika "ignore" ya leo. Waarabu wamepita njia iyo hiyo, kwani katika "jahila", iliyotupa sisi jahili, wamepata "tajahala", yaani kujifanya hujui. Tahadhari moja tu kwa wanafunzi: "ignorance" haikuhama pamoja na kitenzi chake, ingali ni ujinga, basi anayeandika kwamba mwalimu alimwonyesha "ignorance" amemwita mwalimu wake mjinga, ilhali alitaka kusema hakujibiwa swali.

Aghalabu twalifasiri neno hili kupuuza. Kupuuza ni kuliona jambo ni la upuuzi, halina uzito. Lakini mtu anayedaiwa, akimwona mdai wake anatokea upande wa pili wa njia, huinama akafunga kamba za kiatu ambazo hazikufunguka, naye hapo hakupuuza hata chembe, kwa kuwa saa ile hakuna kiumbe duniani mwenye uzito machoni pake kuliko mdai yule. Huko Kiswahili hukuita kujitia hamnazo, na sijaona usemi wa Kiingereza uliokamilika kuushinda.

Hata hivyo si kila mahali utafaa. Niliwahi kuletewa ilani ya deni la maji na ofisi moja nisiyopenda kuitaja, ambayo chini yake, kwa Kiingereza, aliyekwisha lipa aliombwa a-"ignore" ilani ile, na mfasiri wao akatuandikia sisi wengine: "Kama umekwisha lipa, tafadhali idharau barua hii." Nilikuwa nimelipa siku tatu kabla, stakabadhi i mfukoni, nikasimama mlangoni na karatasi mkononi nikijiuliza barua hudharauliwa vipi, huchanwa au hufungiwa vitumbua. Kupuuza kungekuwa afadhali kidogo, ila bado kungeitweza barua ya watu. Na hamnazo haingii kabisa, kwa kuwa hakuna anayejifanya. Ilitosha kuandika: "Barua hii isikushughulishe."

Juma lijalo, inshallah, tutaliendea neno "neglect", ambalo mfasiri yule yule, katika aya ya pili ya ilani ile ile, alilifasiri pia kudharau.