Damu Nayo Hutoa Ushahidi: Kifafa Kisichotikisa Mwili

Kuna maradhi ambayo jina lake peke yake latosha kuwafanya watu washushe sauti. Kifafa ni mojawapo. Lisikilize neno lenyewe, msomaji, utasikia kufa mumo humo ndani yake. Aghalabu likitajwa hutujia sura moja tu: mtu kaanguka, kakakamaa, povu lamtoka, viungo vyatikisika, na waliomzunguka wanamsomea Ayatul Kursi. Lakini leo sikusudii kifafa hicho kijulikanacho na kila mtu. Nakusudia kile kinachojificha, na namna madaktari wa chumba cha dharura wanavyokitafuta siku hizi kwa kuifuata damu inavyopita ndani ya ubongo.

Mathalani, mzee wa miaka 60 na kitu aamka alfajiri hasemi. Mkono wake wa kulia umelegea. Akiitwa hutazama tu, kama asikiaye sauti ya mbali. Jamaa hugawanyika papo hapo: huyu asema ni kiharusi, yule asema kakumbwa na jini, na wa tatu asema mwacheni alale, atazindukana. Akifikishwa hospitali, daktari naye huwa na mambo matatu mbele yake.

La kwanza, huenda ni kiharusi: donge la damu limeziba mshipa wa ubongo. La pili, huenda kifafa kilimpitia usiku watu wamelala, kikamwacha na mkono uliolegea. Hali hiyo ilielezwa na tabibu Robert Bentley Todd huko London mwaka 1849, na mpaka leo huitwa kwa jina lake. Mgonjwa hupata nguvu zake baada ya saa chache, mara nyengine baada ya siku nzima au zaidi. La tatu, na ndilo gumu kulitambua, huenda kifafa bado kinaendelea dakika ile ile, ndani kwa ndani, bila ya kutikisa hata kidole.

Yote matatu yaweza kuvaa sura moja, lakini tiba zake hazifanani. Mwenye kiharusi cha mshipa uliozibwa yafaa apate dawa ya kuyeyusha donge, na dawa hiyo kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu ugonjwa kuanza. Dawa hiyo hiyo yaweza kumvujisha mtu damu ubongoni, kwa hivyo haipewi ovyo. Mwenye kifafa kinachoendelea ataka dawa za kukituliza, na akicheleweshwa ubongo wake waweza kudhurika. Aliyekwisha kupitiwa na kifafa ataka kuangaliwa na kusubiriwa. Basi daktari afanyeje, na mgonjwa mwenyewe hasemi?

Hapa ndipo damu inapoitwa kutoa ushahidi.

Ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia kiasi cha sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote. Tena hauna ghala ya maana ya kuweka akiba. Hula kile unacholetewa saa ile. Mwaka 1890 wataalamu wawili wa Uingereza, Roy na Sherrington, waliandika kwamba sehemu ya ubongo inayofanya kazi zaidi huletewa damu zaidi. Nami hulifananisha jambo hili na mtaa wetu wa zamani, enzi za wachukuzi wa maji. Mgeni asiyemjua mtu hakuwa na haja ya kuuliza harusi iko nyumba gani. Aliwatazama wachukuzi na mitungi yao, wote waelekea mlango mmoja.

Kifafa ndiyo nyumba ile yenye shughuli. Seli za ubongo huzungumza kwa umeme, na kifafa ni pale kundi lake linapopiga kelele kwa pamoja bila ya mpango. Kelele hizo zataka chakula, na damu humiminika huko. Shughuli ikisha, nyumba hulala na wachukuzi hupungua. Ndiyo hali ya ubongo uliochoka baada ya kifafa. Ama kiharusi ni kisima kilichofukiwa: nyumba zote zilizokitegemea hukauka, na ukiziangalia utaona zimefuatana na njia ya kisima kile kile.

Mashine inayotumika ni ile ya CT, ambayo mtu wa kwanza alipigwa nayo picha ya ubongo London, tarehe 1 Oktoba 1971, kwa ubunifu wa Godfrey Hounsfield. Picha ya kawaida huonyesha ubongo ulivyo. Hii ninayoitaja huonyesha damu inavyokwenda. Mgonjwa hutiwa dawa yenye aidini katika mshipa wa mkono, na mashine humpiga picha juu ya picha, mahali pale pale, kwa muda wa kama dakika moja. Kompyuta hupima damu imefika wapi, kiasi gani, na kwa upesi gani, kisha huyachora hayo kwa rangi. Katika kiharusi, sehemu iliyokosa damu hufuata mpaka wa mshipa wake. Katika kifafa kinachoendelea, mara nyingi gamba la nje la ubongo huonekana limefurika damu iliyowahi kufika, wala halijali mipaka ya mishipa. Madaktari wa mji wa Bern, Uswisi, ni miongoni mwa walioichunguza njia hii, na walichapisha waliyoyaona mwaka 2006 na tena mwaka 2009.

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani kuwa mambo yamekwisha. Picha yaweza kutoka safi na kifafa kipo. Damu nayo yaweza kuzidi kwa sababu nyengine, mfano mshipa uliokuwa umezibwa kisha ukafunguka. Shahidi anayetegemewa zaidi ni kipimo cha EEG, kinachosoma umeme wenyewe wa ubongo. Hans Berger, Mjerumani, aliunasa umeme huo kwa binadamu mwaka 1924 na akautangaza mwaka 1929. Taabu ni kuwa usiku wa manane chombo hicho na mjuzi wa kukisoma hawapatikani katika hospitali nyingi, hata za Ulaya, ilhali mashine ya CT imekwisha washwa kwa ajili ya kutafuta kiharusi. Kwa hivyo damu hutangulia kusema, na umeme huja kuthibitisha. Sisi tuliosoma vyuoni twaijua thamani ya mashahidi wawili.

Kwa kuwa nimetaja chuo, nakumbuka mwenzetu mmoja utotoni, kijana mwenye sauti nzuri ya kusoma, aliyekuwa akinyamaza katikati ya aya. Macho humtoka, midomo humchezacheza, kisha baada ya kitambo huendelea kama hapakuwa na jambo. Wengine walisema ana pepo, wengine walisema ana kiburi. Hapana aliyesema ni mgonjwa. Mwisho alitolewa chuoni, na sauti ile ikapotea.

Simkanushi mwenye kuamini majini. Yametajwa katika Kitabu. Lakini hadithi ya Ibn Abbas iliyomo katika Bukhari yatufunza adabu. Mwanamke mwenye kuanguka alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akashitaki maradhi yake. Hakukemewa wala hakufukuzwa. Alihiarishwa baina ya subira yenye Pepo na dua ya kupona, akachagua subira, na akaomba asifunukwe nguo aangukapo, akaombewa hilo. Naye Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliiweka sar' miongoni mwa maradhi ya kichwa katika Qanun yake. Na karibu na hapa petu, uchunguzi uliofanywa Kilifi na sehemu nyengine za Afrika, uliochapishwa mwaka 2013, ulikihusisha kifafa na matatizo ya wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, na vimelea vinavyoingia mwilini. Kumsomea mgonjwa ni kheri, lakini asomewe njiani kuelekea hospitali.

Mashine ninazozieleza haziko kila mahali pwani yetu, na zilipo huenda asiwepo wa kuisoma picha ya namna hii. Ndiyo maana yuko shahidi wa tatu, ambaye hakuna hospitali isiyomhitaji. Shahidi huyo ni wewe uliyekuwa nyumbani. Daktari atakuuliza: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Ilianzia mkono au uso? Macho yaligeukia upande gani? Aliuma ulimi? Alijikojolea? Ana sukari, maana sukari ikishuka nayo huigiza maradhi haya? Anatumia dawa gani, na je, aliziacha? Jawabu moja la kweli laweza kuokoa saa nzima.

Na mtu akianguka mbele yako, mwondolee vitu vigumu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mgeuze ubavu, mstiri. Usimtie kijiko mdomoni wala usimbane viungo. Tazama saa: ikipita dakika 5 hajatulia, au akirudiwa kabla ya kuzindukana, hiyo ni dharura. Na aliyenyamaza ghafula asiyejibu, usimwache alale mpaka asubuhi ukidhani atazindukana mwenyewe.

Nami, kwa desturi yangu, nayafunga haya kwa ubeti ili yakumbukike kwa wepesi:

Mtu anapoanguka, mgeuze ubavuni,
Hima saa ukishika, sitie kitu kinywani,
Tano zikishatimika, usikawie nyumbani,
Yote uliyoyaona, umweleze mtabibu.