Mtalii, mzururaji na mshamba

Kuna kitendo kimoja ambacho Kiswahili chetu cha kila siku hukipa majina matatu, kwa kutegemea anayekitenda. Kitendo chenyewe ni kutembea katika mji mkubwa bila ya haja nyingine ila kuutazama. Akikitenda Mzungu mwenye kofia pana na kamera shingoni, huitwa mtalii. Akikitenda kijana wa mtaani asiye na kazi, huitwa mzururaji. Akikitenda mzee aliyetoka Bungoma kwa basi, akasimama kando ya njia kuzihesabu ghorofa za jumba la mikutano la KICC, huitwa mshamba. Macho ni yale yale, miguu ni ile ile na mji ni ule ule. Kilichobadilika ni jina.

Hapana shaka wasomaji wangu, hasa walimu wenzangu na wanafunzi, watakubaliana nami kwamba majina hayazuki hivi hivi. Kila neno lina waliolianzisha na lina sababu ya kuendelea kutumika. Nimeyatafakari majina haya matatu kwa muda sasa, na aliyenichochea ni bwana mmoja na mkewe, majirani zangu wa Bungoma, ambao waliamua kufanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi: walifunga safari kwenda Nairobi kuutazama mji.

Wote wawili ni walimu wastaafu, na kila mmoja amefundisha kwa zaidi ya miaka 30. Isidhaniwe kwamba Nairobi ilikuwa ngeni kwao. Bwana alikwisha kwenda huko mara nyingi kufuatilia mafaili. Bibi alimpeleka mamake hospitalini. Mara mbili walikwenda pamoja kuusindikiza mwili wa jamaa kurudi nyumbani kwa mazishi. Lakini katika safari zote hizo hawakuwahi kwenda Nairobi kwa ajili ya Nairobi yenyewe. Safari hii walijitengea siku tatu, wakaniomba niandamane nao.

Jambo la kwanza waliloliamua ni kusafiri mchana. Anayezijua safari za kwetu magharibi anafahamu kwamba basi la usiku ndilo basi la mwenye shida. Abiria husinzia akiwa Webuye na kuzinduka akiwa River Road, na kilomita zipatazo 400 za nchi yake zimempita gizani. Majirani zangu waliziona tambarare za Uasin Gishu, wakaivuka Ikweta karibu na Timboroa, wakateremka hadi Nakuru, na hatimaye Bonde la Ufa likafunguka mbele yao. Bibi, ambaye aliuchora mstari wa Ikweta ubaoni mwaka baada ya mwaka, aliufungua mdomo akaufumba bila ya kusema neno.

Tulipowasili, mpwa wao aliyekuja kutulaki aliuliza swali ambalo kila Mkenya wa mashambani analijua: "Mjomba, kwani nani mgonjwa?" Alipoambiwa kwamba hakuna mgonjwa, aliuliza kama kuna msiba. Alipoambiwa kwamba hakuna msiba, aliuliza kama ni habari ya shamba. Mwishowe bwana alimwambia, "Tumekuja kutembea, mwanangu. Kuona mji." Kijana alicheka, kisha akanyamaza, kisha akanitazama mimi kana kwamba nilikuwa na habari ninazomficha.

Siku ya pili, kwenye mlango wa jengo moja mashuhuri ambalo sitalitaja, tuliwakuta wageni sita wa kizungu wakikaribishwa kwa tabasamu. Zamu yetu ilipofika, bawabu alimwamkia bwana kwa heshima, "Shikamoo, mzee," kisha akauliza, "Mnamtafuta nani?" Bibi ndiye aliyejibu: "Hatumtafuti mtu. Tunataka kuona." Bawabu alirudia swali lake, kwa upole, akidhani hakusikika. Hakuwa mtu mwenye dharau hata kidogo. Alichokosa ni kisanduku cha kututia. Mgeni mweupe anayetazama alikuwa na jina katika kichwa chake. Mwalimu mstaafu wa Bungoma anayetazama hakuwa nalo.

Hebu basi tulichunguze neno lenyewe. Talii tumelipata kwa Kiarabu, na huko asili yake ni kusoma kwa makini, kukidurusu kitabu ukurasa kwa ukurasa. Katika mzizi huo huo limechipuka neno mtalaa, yaani masomo, na neno mtaala, ambalo hakuna mwalimu wa Kenya asiyelitamka kila wiki. Mtalii na mtaala, kwa hiyo, ni ndugu wa tumbo moja. Kwa maana yake ya awali, mtalii si mwenye fedha wala mwenye ngozi fulani. Ni msomaji. Yamkini ni biashara ya mahoteli na mbuga za wanyama iliyolichukua neno hili na kulivisha kofia pana, hata mwanafunzi wetu akiambiwa amchore mtalii huanza kwa kutafuta kalamu ya rangi ya waridi.

Neno la pili, kuzurura, lina historia chungu zaidi. Zuru ni kwenda mahali kwa heshima, kama vile kulizuru kaburi. Zurura ni kwenda ovyo. Baina ya heshima na aibu pana silabi moja tu. Lakini katika miji yetu kuzurura hakukuwa tabia mbaya tu, kulikuwa kosa la jinai. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915, na ambayo ilianza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande, kwa kawaida ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni, kikieleza ametoka wapi na ameajiriwa na nani. Mji ulikuwa mahali pa kufanyia kazi. Asiyekuwa na mwajiri hakuwa na sababu ya kuwamo, na kuutazama mji haikuwa sababu. Kipande kiliondoka kabla ya uhuru, lakini sheria ya uzururaji ilidumu vitabuni hadi ilipofutwa mwaka 1997. Leo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 39, inampa kila mtu uhuru wa kwenda atakako. Waama sheria hufutwa kwa siku moja. Mazoea hayana bunge la kuyafuta. Swali la "Mnamtafuta nani?" lina umri mkubwa kuliko bawabu aliyeliuliza.

Na majirani zangu walisoma nini katika mji huo? Walianza na majina. Bwana aliniuliza maana ya Kariokor, nami nikamweleza kwamba ni jina la Kiingereza lililosagwa na midomo ya watu, jina la kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika. Nilimweleza pia kwamba Kibera ni neno la Wanubi lenye maana ya msitu, na kwamba Nairobi yenyewe ni Kimaasai, jina la maji baridi. Katika mji ambao watu hubishana kila kukicha kuhusu nani mwenyeji na nani mgeni, majina ya mitaa yenyewe yanashuhudia kwamba wengi walikuwamo tangu mwanzo.

Walisimama mbele ya maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, wakawatazama simba wake wawili wa mawe. Bibi, ambaye maisha yake yote yalikuwa vitabu, alitaka kujua kwa nini mamake, aliyekuwa na kiu ya kusoma, hangeweza kuingia pale enzi zake. Jibu ni fupi: kwa miaka mingi ya ukoloni maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Walilitazama sanamu la Dedan Kimathi lililozinduliwa mwaka 2007, na lile la Tom Mboya lililozinduliwa mwaka 2011, si mbali na mahali alipouawa tarehe 5 Julai 1969.

Lakini pahali walipokaa muda mrefu zaidi ni kwenye Barabara ya Kenyatta, mbele ya mnara ambao maelfu ya watu huupita kila siku bila ya kuinua macho. Ni sanamu za shaba za watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Ulizinduliwa mwaka 1928 kwa ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika vita vile, na maandishi yake yamo kwa Kiswahili pia. Babu yake bwana alichukuliwa huko kwetu, enzi ambazo wilaya iliitwa Kavirondo Kaskazini, akaenda kubeba mizigo, wala hakurudi. Bwana aliyasoma maandishi mara mbili, akauzunguka mnara wote, kisha akauliza: "Majina yako wapi?"

Hakuna majina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Mzungu aliyekufa katika vita hivyo hivyo alichongewa jina lake kwenye jiwe. Mpagazi wa Bungoma alipewa sanamu moja, agawane na wenzake wote. Jambo hilo limeandikwa hadharani, katikati ya mji mkuu wetu, kwa lugha yetu wenyewe, na wanaolisoma ni wachache mno.

Hapo ndipo ninapolifikia neno la tatu. Mshamba hutambulikana mjini kwa kushangaa. Husimama pasipostahili kusimama, akautazama mnara, akauliza maswali. Mwenyeji hupita upesi kwa sababu amekwisha kuzoea. Naomba kuuliza: kati ya mwenyeji aliyeupita mnara ule kila asubuhi kwa miaka 20 asiujue, na mshamba aliyesimama mbele yake kwa nusu saa akauliza majina yako wapi, ni yupi aliyeujua mji? Kushangaa si upungufu wa akili. Ni mwanzo wa kujua, na mwalimu asiye na mwanafunzi wa kushangaa hana darasa.

Nayajua majibu ya wapinzani wangu. Watasema kwamba kutalii ni anasa, kwamba nauli ni ghali na karo inangoja, na kwamba wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Hoja ya fedha siidharau. Lakini safari za kwenda mjini tunazifanya tayari, kwa maradhi, kwa misiba na kwa mafaili, na kuusimamia mnara wa barabarani hakuna malipo. Ama wahenga, ni wao hao waliotuambia pia kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Wapo wanaoishi miaka mingi katika nchi hii na hawajaona kitu.

Ninalowaomba walimu ni hili. Mnapowapeleka wanafunzi mjini, msiwapeleke kupiga picha na kula chipsi peke yake. Kila mmoja na achague jina moja la barabara au sanamu moja kabla ya kuondoka, na arudi na majibu ya maswali matatu: ni nani aliyekumbukwa, ni nani aliyeachwa, na habari hiyo imeandikwa kwa lugha gani. Wala msingoje nauli ya Nairobi. Kitale pana jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1974, na juu ya Webuye pana kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walipigana na Waingereza mwaka 1895. Nanyi walimu wa Nairobi, waleteni wanafunzi wenu huku kwetu nao washangae. Ni afya kwa mtoto wa mjini kuwa mshamba kwa siku moja.

Kamusi hufuata matumizi, haiyatangulii. Neno mtalii litarudi kwa wenyewe siku tutakapoanza kulitumia kwa ajili yetu, na pahali pa kuanzia ni kwenye daftari la insha. Mwanafunzi wako atakapoandika kuhusu mtalii aliyewasili Nairobi, na mtalii huyo akawa na nywele za rangi ya dhahabu, usimkate alama. Mwulize tu kwa nini mtalii wake hakutoka Bungoma.