Amiodaroni Katika Ujauzito na Tezi ya Mtoto Mchanga

Amiodaroni hutuliza moyo unaodunda ovyo pale dawa nyingine zinaposhindwa. Hata hivyo, zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni iodini, yale madini joto yatiwayo kwenye chumvi. Kidonge cha miligramu 200 hubeba takriban miligramu 75, na mwili huachilia miligramu 6 hadi 7 kila siku. Mahitaji ya mjamzito ni mikrogramu 250 tu.

Sehemu ya dawa hiyo, pamoja na iodini yake, huvuka kondo la nyuma. Tezi ya thairoidi ya kijusi, ikifurikwa na madini hayo, husitisha kutengeneza homoni. Ya mtu mzima huzinduka baada ya siku kadhaa. Ya kijusi haina uwezo huo hadi karibu wiki ya 36, na kipindi hicho chote ubongo unajengwa kwa kuitegemea homoni hiyohiyo.

Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2001 yalikusanya mimba 64 za akina mama waliotumia amiodaroni. Watoto 11 walikuwa na upungufu wa homoni, na wawili tu kati yao walikuwa na rovu. Kupapasa shingo, basi, hakutoshi. Ulegevu, kilio cha sauti nzito, choo kigumu na manjano isiyoisha huchelewa kujitokeza. Damu ndiyo husema mapema. Hali hiyo kwa kawaida hupita, lakini kungoja ipite bila tiba ni kubahatisha akili ya mtoto, ilhali levothairoksini ipo na inafanya kazi.

Kwa kuwa hospitali nyingi za Afrika Mashariki hazipimi tezi ya kila mtoto anayezaliwa, jina la dawa liandikwe wazi kwenye kadi ya kliniki, ili mkunga aagize kipimo cha TSH na T4, na kirudiwe wiki zinazofuata. Kitovu cha mtoto huyo kisisafishwe kwa dawa yenye iodini.

Mama asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe: moyo ukienda kombo, wote wawili huwa hatarini. Tena amiodaroni hukaa mwilini kwa wiki nyingi, hata miezi, hivyo mazungumzo ya kubadili tiba yafaa yaanze kabla ya mimba kutungwa. Hupatikana pia katika maziwa ya mama, kwa kiasi kisicho kidogo. Suala la kunyonyesha liamuliwe na daktari pamoja na mama kabla ya siku ya kujifungua.