Ukikimbiza ngoma, jua na ukumbi unanywea

Ingia TikTok sasa hivi utafute ngoma yoyote inayovuma. Mara nyingi utaipata kwa sura tatu: ile iliyotoka studio, ile iliyokimbizwa hadi msanii anasikika kama katoto, na ile iliyopunguzwa mwendo ikaongezwa mwangwi, ya kusikiza usiku ukiwa na mawazo mengi. Kila mtu anajua spidi ikipanda, sauti inakuwa nyembamba. Kitu hatuongelei sana ni kwamba mahali pia panabadilika. Ukumbi unakua au unanywea, na kuna siku mpiga gita anahama kiti.

Na hii si story ya wasee wa TikTok pekee. Kuanzia Kitale hadi Bungoma kuna kaseti kuukuu zimelala kwenye masanduku, za harusi, za kwaya, za wazee. Hapo spidi mbaya inaweza kukuibia kitu hutakipata tena.

Masikio yako yana hesabu

Makanga akikuita kutoka upande wa kushoto pale stejini Kitale, sauti yake inafika sikio la kushoto kwanza. La kulia linaipata baadaye kidogo, kama milisekunde 0.6 hivi. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo unaipima. Pia sikio la kulia linapata sauti hafifu kwa sababu kichwa kimeziba njia, hasa kwa sauti nyembamba. Mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, alieleza mambo haya mawili, muda na nguvu, mwaka wa 1907. Mwaka wa 1931 mwenzake wa nchi hiyo, mhandisi Alan Blumlein, aliwasilisha ombi la hataza ya mfumo wa stirio: njia mbili za sauti, kushoto na kulia, zinazomfanya msikilizaji aone jukwaa kwa masikio.

Sasa kimbiza rekodi mara 1.25. Kila muda uliomo ndani yake unagawanywa kwa 1.25. Tofauti ya milisekunde 0.5 kati ya kushoto na kulia inakuwa 0.4. Ubongo unasoma hiyo tofauti ndogo na kusema, huyu mtu amesogea katikati. Hiyo inatokea zaidi kwa rekodi za mikrofoni mbili zilizowekwa mbalimbali, kwa mfano kwaya iliyorekodiwa kanisani. Ngoma nyingi za studio ziko tofauti. Prodyusa hupanga vyombo kwa nguvu, gita likisikika zaidi kushoto, kinanda zaidi kulia. Nguvu haiguswi na spidi, kwa hivyo gita linabaki karibu palepale.

Kinachobadilika kila mara ni chumba. Chukua ukuta ulio mita 17 kutoka kwako. Ukipiga kofi, mwangwi unarudi baada ya kama sekunde 0.1. Kimbiza rekodi hiyo mara 1.25 na mwangwi unarudi baada ya sekunde 0.08, kana kwamba ukuta umesogea hadi karibu mita 14. Ukipunguza hadi 0.8, ukuta unarudi nyuma hadi kama mita 21. Ndio maana ngoma ya polepole inakupeleka kwenye ukumbi mkubwa usio na watu, na ya haraka inakubana bafuni.

Wahandisi walishaufanya ujanja huu kazi zamani. Mwaka wa 1934 Mjerumani Friedrich Spandöck alijenga vielelezo vidogo vya kumbi, akapiga sauti ndani kwa spidi ya juu, kisha akairudisha polepole ili asikie ukumbi mzima utakavyokuwa kabla haujajengwa.

Kwa nini huisikii kwenye mathree

Panda matatu ya Kitale kwenda Bungoma, pita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye. Ukikaa dirishani karibu na spika, sauti yote inaonekana kutoka kwa hiyo spika, hata kama nyingine iko hai upande wa pili. Ubongo huamini sauti iliyofika kwanza. Simu yenye spika moja ndiyo mbaya zaidi, maana kushoto na kulia vimemwagwa kwenye sufuria moja. Vaa hedifoni, mambo yatajitokeza.

Na kuna mtego. YouTube ikikupa spidi ya 1.5, mtangazaji hageuki katoto. Programu inakatakata sauti vipande vidogo na kuvipanga upya ili kimo chake kibaki. Kama kushoto na kulia vinakatwa sehemu zilezile, picha ya jukwaa inasimama. Vikikatwa kila kimoja kivyake, jukwaa linayumba: ngoma zinapoteza makali, sauti inasikika kama iko ndani ya bomba.

Kaseti ya mzee

Kwa Wabukusu kuna kumuse, ile hotuba inayotolewa baada ya mzee kuzikwa. Msemaji hasimami mahali pamoja. Anatembea katikati ya watu, akienda na kurudi, akikumbusha ukoo ulikotoka. Rekodi nzuri ya stirio inakuwezesha kusikia hatua zake zikipita kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kaseti imetengenezwa ipite sentimita 4.76 kwa sekunde. Redio yenye mkanda uliochoka au mota isiyo sawa haifuati hiyo. Ukiihamisha kwenye simu ikiwa inakimbia, msemaji anakuwa kijana, hatua zake zinakuwa za mtu anayekimbilia gari, na uwanja uliojaa watu unakuwa sebule. Mjukuu ambaye hakuwahi kumwona atamjua hivyo.

Kuna njia ya kurekebisha. Kama kinasa sauti kilikuwa kimechomekwa kwenye stima, huenda kuna mngurumo mdogo chini ya maneno. Stima ya Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde. Programu ya bure ya kuhariri sauti ikikuonyesha 53, kaseti inakimbia kwa asilimia 6. Ishushe, na hakikisha unabadilisha spidi na kimo pamoja, kwa sababu mashine iliharibu vyote viwili kwa mpigo. Kama hakuna mngurumo, mwite shangazi aliyemjua mzee asikize. Hiyo ni mita nzuri pia.

Na wewe prodyusa wa Bungoma unayetaka toleo la haraka la ngoma yako kabla mtu hajakutolea: usikimbize mixi iliyokamilika. Kimbiza sauti kavu, halafu weka mwangwi mpya mwishoni. Msanii atasikika mwepesi, lakini ukumbi wake utabaki na ukubwa wake.